Sarafu ya Bibi Sora

Mwaka jana mjukuu wangu alirudi kutoka shule akiwa na kibao shingoni. Kilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wake kama kisosi, kimetobolewa tundu na kupitishwa kamba ya katani. Sikuhitaji kuuliza. Hapa Morogoro nimeishi zaidi ya miaka 30 na vibao vya namna hiyo nimeviona: mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza anavishwa, naye anakaa ametega sikio mpaka amnase mwenzake amvishe. Siku hiyo kengele ililia kabla hajampata wa kumrithisha.

"Bibi," akaniuliza, "na kwenu mlikuwa mnavishwa?"

"Kwetu hatukuvishwa," nikamwambia. "Kwetu tulikuwa tunalipa."

Nikafungua kopo langu la biskuti, lile la sindano na vifungo, nikamtolea sarafu. Ni ndogo, ya shaba ya manjano, na ukingo wake una mawimbi kama ua. Sentimo 5 za Ufilipino. Akaigeuza, akaona sura ya mwanamke mzee aliyechorwa pale. "Huyu ni wewe?" Mtoto huyu bwana! Nilicheka, nikamwambia akale kwanza. Jibu lenyewe lilikuwa refu mno kwa mtoto wa darasa la tatu, kwa hiyo naliandika hapa. Kiswahili changu nimefundishwa na mama mkwe na wauza mchicha wa sokoni, msomaji utanivumilia.

Nilizaliwa mwaka 1970 katika mji mdogo wa mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila. Upande mmoja tulikuwa na ziwa kubwa linaloitwa Laguna de Bay, upande mwingine mlima Makiling, ambao wazee walisema unalindwa na mwanamke wa mizuka, Maria Makiling. Jirani yetu ni Los Baños, penye chuo cha kilimo na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoanzishwa mwaka 1960. Watanzania walikuwa wakija pale kusomea kilimo, na mmoja wao ndiye aliyenileta huku. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nikifumba macho nikaitafuta shule yangu ya msingi, kitu cha kwanza kunijia ni harufu ya nta. Sakafu yetu ilikuwa ya mbao, na kila siku kundi la wanafunzi wa zamu liliipaka nta nyekundu na kuisugua kwa kumbi la nazi. Unalikata kumbi nusu, unaliweka chini, unalikanyaga kwa mguu mmoja, halafu unaenda mbele na nyuma, kiuno kinazunguka kama uko ngomani. Nilipofika Bagamoyo mara ya kwanza nikaona marundo ya makumbi, nilisimama barabarani nikacheka peke yangu. Mume wangu akadhani jua limenipiga.

Muhula ulianza mwezi wa 6, pamoja na mvua. Tulifika shuleni viatu mkononi. Kimbunga kikikaribia, redio ilitangaza namba ya tahadhari, na namba ikiwa kubwa tulibaki nyumbani tukila wali na samaki mkavu, tukiomba Mungu upepo usitulie upesi. Siku za kawaida asubuhi ilianza na sauti ya muuza taho. Taho ni maziwa ya soya yaliyogandishwa laini, yanamwagiwa shira ya sukari guru na punje za sago. Muuzaji huyabeba katika ndoo mbili za bati zilizoning'inia kwenye mzegazega begani, na anapita mitaani akiita kwa sauti ndefu, "Tahooo!" Watoto tunatoka mbio na vikombe vyetu.

Shuleni tulisimama mistari mbele ya bendera, tukaimba wimbo wa taifa, halafu tukanyoosha mkono kula kiapo cha uzalendo. Wakati ule tulikuwa chini ya sheria ya kijeshi iliyotangazwa na Rais Ferdinand Marcos mwaka 1972, kwa hiyo tuliimba pia wimbo wa "Jamii Mpya", ndivyo serikali ilivyojiita. Picha ya Rais na ya mkewe zilitutazama kutoka ukutani. Mapumzikoni tuligawiwa mkate ulioitwa nutribun, wa msaada wa Marekani, mgumu kiasi kwamba wavulana waliutumia kurushiana. Lakini wako waliokuja shule kwa ajili yake, na hao hawakuurusha.

Na karatasi! Mwalimu akisema kuna jaribio, kila mtu atoe robo karatasi, basi darasa zima linageuka soko. Mwenye karatasi nzima ana marafiki watatu hapo hapo. Anaikunja mara mbili, anailamba kwenye mkunjo, anaichana taratibu. Hadi leo siwezi kutupa karatasi ambayo upande mmoja uko wazi.

Jioni ilikuwa michezo. Tumbang preso: kopo tupu linasimamishwa katikati ya barabara, mmoja analilinda, wengine wanalilenga kwa kandambili. Patintero: mistari inachorwa kwa maji juu ya vumbi, unajaribu kuipita bila kuguswa. Mvua ikinyesha tulikaa barazani na sungka, ubao mrefu wenye mashimo 7 kila upande na shimo kubwa kila mwisho, tunasambaza kauri moja moja. Mara ya kwanza nilipoona wazee wa Morogoro wamekaa kwenye bao, niliwaambia mchezo huo naujua. Wakanikaribisha kwa heshima zote. Bao lao lina mashimo 32, na walinifunga kabla chai haijapoa. Ni ndugu, ila si pacha.

Nyumba yenye televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja, nasi tulijazana dirishani kutazama katuni ya Kijapani iitwayo Voltes V, vijana watano wanaoendesha roboti kubwa dhidi ya wavamizi. Mwaka 1979, zikiwa zimebaki sehemu chache tu ifike mwisho, serikali ikaipiga marufuku. Walisema inafundisha ukatili. Nilikuwa na miaka 9. Mambo mengine ya Marcos nilikuja kuyajua ukubwani, ya watu kufungwa na kupotea, lakini ukweli nikiri: kosa lake la kwanza moyoni mwangu lilikuwa lile.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kuikumbuka shule. Sasa nirudi kwenye sarafu.

Jengo letu la zamani lilikuwa la aina inayoitwa Gabaldon: limeinuliwa juu ya ardhi, ngazi pana mbele, madirisha makubwa yanayoingiza upepo. Limepewa jina la Isauro Gabaldon, mwanasiasa aliyetunga sheria ya mwaka 1907 iliyotenga peso milioni 1 za kujenga shule vijijini. Ramani zake zilichorwa na Mmarekani, William Parsons. Maana wakati huo Marekani ndiyo ilikuwa ikitutawala, baada ya kutununua kutoka kwa Wahispania mwaka 1898 na kupigana vita na Wafilipino waliokataa kununuliwa.

Vita vile vilikuwa havijaisha pale meli ya jeshi iitwayo Thomas ilipotia nanga Manila, Agosti 1901, ikiwa na walimu wapatao 500. Walitawanywa visiwa vyote. Katika historia tunawaita Thomasites, kwa jina la meli yao, na wazee wengi waliwasifu kwa dhati, kwa sababu walifundisha mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri katika chumba kimoja. Walifundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza kikakaa. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalogi. Mwaka 1974 ikaja sera ya lugha mbili: hesabu na sayansi kwa Kiingereza, maarifa ya jamii kwa Kifilipino. Nchi ina lugha zaidi ya 100, kwa hiyo mtoto wa Cebu au wa Ilocos alibebeshwa lugha mbili za kigeni siku moja. Sisi wa Laguna, Watagalogi, tulibebeshwa moja tu. Tulikuwa na bahati.

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa darasa la nne alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema usije ukamchukia. Alitununulia penseli kwa mshahara wake. Lakini aliamini kwamba bila Kiingereza tutaishia matopeni, na kwa hiyo katika vipindi vyake kila neno la Kitagalogi lilikuwa na bei: sentimo 5. Fedha ziliingia kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa zilinunua nta ya sakafu. Ile harufu niliyokusimulia pale juu, ile ninayoitamani, ililipiwa hivyo.

Kila darasa lina monita, na monita anaandika orodha. Wewe uliyesoma Tanzania unaijua ya wapiga kelele. Ya kwetu ilikuwa ya waongea Kitagalogi, na monita nilikuwa mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa mtoto wa muuza taho. Aliamka alfajiri kumsaidia baba yake kukoroga soya, akaja darasani nywele bado zinanukia moshi. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko sote. Tatizo lake lilikuwa neno moja, dogo kuliko yote katika lugha yetu: "po".

Po haina maana ya peke yake. Ni heshima tu. Ukiongea na aliyekuzidi umri unaipachika ndani ya sentensi, na usipoipachika umemvunjia adabu. Mtoto wa Kitagalogi anaanza kufundishwa po kabla hajajua kutembea vizuri, kama vile anavyofundishwa kuchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Waswahili mnaielewa hii bila kuelezwa, mna shikamoo. Kiingereza hakina. Yule mvulana aliweza kujibu swali lote kwa Kiingereza safi, lakini alimtazama mwalimu, mtu mzima, mama wa watu, na ulimi wake ukakataa kumjibu kavu. "Yes po, Ma'am." Sentimo 5. "No po, Ma'am." Sentimo 5. Darasa linacheka, yeye anaona haya, anaomba radhi, na katika kuomba radhi anasema po tena. Sentimo 5 nyingine.

Niliandika zote. Kila Ijumaa nilijumlisha na kuwasomea wenye deni mbele ya darasa. Wiki moja yeye alifikia peso 1 na sentimo 35, yaani heshima 27.

Na mimi je? Niliongea Kitagalogi kama wenzangu, tena kwa kunong'ona huku nikiandika. Jina langu halikuwahi kuonekana kwenye orodha ile hata siku moja.

Mtoto mwenye akili hutafuta njia ya kuokoa fedha, naye akaipata. Aliacha kuongea. Kwanza katika kipindi cha Kiingereza, baadaye katika vyote. Alipoulizwa hesabu alienda ubaoni, akaandika jibu, akarudi kukaa. Mwalimu alifurahi kwamba ametulia. Mwaka uliofuata, Ijumaa moja, aliweka sarafu moja mbele yangu, sehemu ya deni la zamani, bila neno. Niliitia mfukoni mwa sketi nikasahau kuipeleka kwenye kopo. Jumatatu hakuja. Hakuja tena. Baba yake alikuwa mgonjwa, ndoo za taho zilihitaji bega jingine, na sisemi kwamba faini ndiyo iliyomtoa shule. Umaskini una mikono mingi. Nasema tu kwamba alipoondoka alikuwa ameshakuwa bubu kwetu, na mmoja wa waliomfanya bubu ni mimi.

Mwanamke mzee kwenye sarafu ile ni Melchora Aquino. Wafilipino tunamwita Tandang Sora, yaani Bibi Sora. Mwaka 1896, mapinduzi dhidi ya Wahispania yalipoanza, alikuwa na miaka zaidi ya 80. Aliwalisha wapiganaji wa Katipunan na kuwatibu majeruhi nyumbani kwake. Wahispania walimkamata wakamhamishia visiwa vya Mariana, mbali baharini, naye akarudi akiwa hai na kuishi hadi mwaka 1919. Tulisoma habari zake, tulichora picha yake. Halafu tukachukua uso wake tukaulipa faini kwa kosa la kusema lugha aliyoisema. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe niliiona miaka mingi baadaye, nikitafuta kifungo kwenye kopo la biskuti.

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari tulisoma Noli Me Tangere ya José Rizal. Sheria ya mwaka 1956 inataka kila mwanafunzi asome maisha na vitabu vya Rizal. Alizaliwa Calamba, mji uliopakana na Los Baños, akaichapa riwaya hiyo Berlin mwaka 1887, na Wahispania wakampiga risasi Desemba 30, 1896. Tuliisoma kwa Kitagalogi, kwa sababu yeye aliiandika kwa Kihispania, lugha ambayo sisi hatukuijua tena. Ilikuwa Februari ile ya 1986 watu walipojaa barabara ya EDSA kule Manila na Marcos akakimbia nchi, kwa hiyo riwaya na redio zilikuwa zikishindana masikioni mwetu.

Ndani yake kuna mwalimu wa kijiji. Anasimama na shujaa wa hadithi kando ya ziwa, na mimi niliamini ni ziwa langu, akimweleza mateso yake. Alijaribu kuwafundisha watoto Kihispania. Padri wa mji akamdhihaki na kumkataza: abaki na lugha yake, asiazime nguo za watu. Wakati wa Wahispania, basi, mtoto wa Kifilipino alizuiwa asijue lugha ya mtawala. Wakati wangu alitozwa fedha asiseme ya mama yake. Nilikaa na kitabu kile nikaona kwamba haya mawili ni jambo moja. Anayetawala ndiye anayeamua ni lini ufungue mdomo, na ufungue kwa sauti ya nani.

Renato Constantino, mwanahistoria wetu, aliandika miaka ya sitini kwamba Kiingereza darasani kilitutenga na historia yetu na kutugawa wenyewe kwa wenyewe. Na nilipokuja huku, mume wangu akanipa kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kile cha mwaka 1986 kuhusu kuondoa ukoloni katika fikra. Anasimulia shule yake ya Kenya: mtoto akisikika anasema Kigikuyu anachapwa, au anavishwa bati shingoni, au anatozwa faini. Kinachoniuma zaidi ni pale anaposema watoto walifanywa wawindaji wa wenzao. Sikuwahi kufika Limuru, lakini orodha ile naijua. Mwandiko wake ni wangu.

Lazima niseme na upande wa pili, maana kumbukumbu ikiwa tamu mno au chungu mno inadanganya. Kiingereza kile kimelisha nyumba nyingi za Ufilipino. Wauguzi wetu wako London na Riyadh, mabaharia wetu wako kila bandari, na fedha wanazotuma zinasomesha wadogo zao. Mimi mwenyewe, nisingekijua, ningemjibuje kijana wa Kitanzania aliyekuja dukani kwa mama kuulizia bei ya sabuni? Mwalimu wangu hakukosea kuhusu faida. Alikosea kuhusu bei.

Serikali nayo imeyumba. Mwaka 2009 wizara ya elimu iliagiza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mama, na mwaka 2013 ikawa sheria. Watoto wa Cebu na Ilocos wakasikia lugha yao kinywani mwa mwalimu. Oktoba 2024 sheria nyingine ikaliondoa hilo sharti. Vitabu vilikuwa vichache, walisema, na lugha zilikuwa nyingi.

Safari ya mwisho kwenda nyumbani nilikutana sokoni na dada wa yule mvulana. Akaniambia kaka yake yuko Saudia, fundi umeme, mwaka wa 20 na kitu. Anaongea Kiarabu na Kiingereza, wala hanyamazi, simu moja inakula saa nzima. Nikafurahi kweli. Nikamuuliza kama ananikumbuka.

"Anakukumbuka," akasema, tena kwa tabasamu, hana kinyongo. "Wewe si ndiye wa orodha?"

Kesho yake baada ya kibao kile nilimsindikiza mjukuu shuleni, nikakibeba mwenyewe. Mwalimu wake ni kijana, mpole, amechoka, ana watoto wengi darasani. Aliponiona akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikampa kibao. Halafu nikamuuliza, kwa sauti ya chini watoto wasisikie, hiyo shikamoo aliyoniamkia wanafunzi wake waiseme vipi kwa Kiingereza ili wasivishwe.

Akacheka, akafikiri, akajikuna shavu. "Haina, mama."

"Nami ndivyo nilivyodhani," nikasema.

Akakipokea kibao, akakitundika kwenye msumari pembeni ya ubao. Mpaka naandika haya, kipo pale.